Nilicheza kitabu kikiwa wazi, mbona bado nimeshindwa?

Swali: *Nimemaliza mchezo wangu wa kwanza wa sataranji ya barua, ile ya kutumiana hatua kutoka mbali; tuliucheza mtandaoni kwa siku 3 kila hatua, na nimeshindwa. Nilikuwa Mweusi. Mpinzani alianza kwa askari hadi mraba wa e4, nikajibu e5, tukaingia kwenye ufunguzi uitwao Ulinzi wa Farasi Wawili, naye akaruka na farasi hadi g5. Nilikuwa nimeusoma mchezo maarufu wa barua ambao Hans Berliner alimshinda Yakov Estrin, nikaufuata: d5, kisha b5, kisha farasi d4. Hifadhidata ya michezo ilinionyesha kwamba kwenye njia hiyo Mweusi anashinda mara nyingi kuliko Mweupe. Lakini hatua ya 8 mpinzani hakumwondoa farasi wake kama Estrin, akamla farasi wangu wa d4. Niliendelea kuifuata hifadhidata mpaka hatua ya 15. Malkia wote walikuwa wametoka, nimepungukiwa askari mmoja, mfalme wangu yuko d8. Kuanzia hapo nilikuwa najitetea tu, nikasalimu amri hatua ya 41. Rafiki yangu anasema mpinzani alitumia kompyuta. Mwingine anasema hata mimi nilidanganya kwa kucheza nikiangalia kitabu. Nilikosea wapi? Mchezo ujao nichague ufunguzi gani? Na huyu mpinzani nimshitaki?*

Jibu:

Pole kwa kushindwa, na hongera kwa jambo ambalo huenda hata hukulifikiria: umesubiri mchezo uishe ndipo ukauliza. Ungeniandikia ukiwa kwenye hatua ya 9 nisingekujibu. Kwenye majukwaa ya aina hiyo, kuomba ushauri wa mtu mwingine mchezo ukiwa unaendelea ni kosa, hata kama huyo mtu ni ndugu yako aliyeketi pembeni yako. Sasa umekwisha, tunaweza kuupekua bila kumwonea yeyote.

Nadhani kinachokuuma si kushindwa kwenyewe. Kinachokuuma ni kushindwa huku majibu yakiwa mezani. Ulikuwa na kitabu, ulikuwa na hifadhidata, ulikuwa na siku 3 za kufikiri, na bado ukatoka kwenye ufunguzi ukiwa taabani. Hilo nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo linalowatokea karibu wote wanaohamia sataranji ya barua kutoka ubaoni. Kabla ya hapo niwaondoe hao marafiki wawili njiani.

Anayesema ulidanganya anachanganya michezo miwili. Mkiwa mmekaa ana kwa ana, ukifungua kitabu unatolewa mashindanoni, na ni haki. Kwenye sataranji ya barua, vitabu vya ufunguzi na hifadhidata ya michezo iliyopita vinaruhusiwa tangu enzi za posta, kwa sababu hakuna aliyeweza kwenda nyumbani kwa mtu kuangalia nini kiko kwenye rafu yake. Wanapotofautiana waandaaji ni kwenye injini, yaani programu inayokokotoa hatua bora. Majukwaa ya mtandaoni kama Lichess na Chess.com, katika michezo yao ya siku kadhaa kwa hatua, wanakuruhusu kitabu na hifadhidata lakini injini ni marufuku. Shirikisho la kimataifa la sataranji ya barua, ICCF, lililoanzishwa 1951, linaruhusu injini, na wachezaji wake wa juu wanazitumia usiku na mchana. Kwa hiyo kila unapojiunga na mashindano mapya soma kanuni zake mwenyewe, usitegemee za mashindano ya jana.

Anayesema mpinzani alitumia kompyuta naye hana ushahidi wowote, angalau si katika hatua 15 za kwanza. Kumla farasi wa d4 hatua ya 8 kumo vitabuni miaka mingi kabla ya injini kuwa na nguvu. Mpinzani wako alikuwa anasoma kama wewe, ila alisoma ukurasa unaofuata. Kuhusu hatua za baadaye: kucheza vizuri ukiwa na askari mmoja zaidi na malkia wametoka hakuhitaji mashine. Kama bado una shaka ya kweli, kuna kitufe cha kuripoti. Bonyeza, eleza kwa sentensi mbili, kisha nyamaza. Wanaosimamia jukwaa wana takwimu za mchezaji huyo ambazo mimi na wewe hatuna. Usimwandikie mwenyewe kumtuhumu, na usimtangaze.

Sasa tuje kwenye ubao. Panga kete tufuatane.

Mweupe anapompeleka farasi g5, yeye na askofu wa c4 wote wanailenga f7, mahali ambapo ni mfalme peke yake anayelinda. Unamfungia askofu njia kwa d5, Mweupe anakula kwa askari wa e4, na hapo ndipo njia zinapogawanyika. Wewe ulicheza b5, ukimtishia askofu. Jibu la Mweupe, askofu kurudi f1, linaonekana la kichekesho: kete iliyokwisha toka inarudi nyumbani. Lakini tazama inafanya nini. Angemla askari wa b5, malkia wako angekula d5 na kutisha vitu viwili kwa pamoja, askofu wa b5 na askari wa g2. Askofu akiwa f1, g2 imelindwa mapema, na wewe bado una farasi wa c6 anayetishwa na askari wa d5. Ndiyo maana farasi wako anaruka d4. Mweupe anamsukuma kwa askari c3, nawe badala ya kukimbia unakula d5 kwa farasi mwingine.

Hapa simama kidogo, kwa sababu ndipo mchezo wako ulipoamuliwa. Farasi wako wa d4 yuko mdomoni mwa askari wa c3. Lakini farasi wako mwingine ametoka f6, ulalo wa malkia kutoka d8 hadi g5 umefunguka, na farasi wa Mweupe naye yuko mdomoni. Mmoja kwa mmoja. Estrin hakutaka kubadilishana, akamhamishia farasi wake e4, na Berliner akampiga kwa malkia h4, farasi akasogea g3, askofu wa Mweusi akaja g4, Mweupe akaziba kwa askari f3, ndipo ikaja hatua iliyoufanya mchezo huo usisahaulike: askari wa e5 anasogea e4, huku farasi wa d4 na askofu wa g4 wote wakiachwa waliwe. Ukiitazama mara ya kwanza unadhani ni kosa la uchapaji.

Mpinzani wako hakukuruhusu ufike huko. Alikubali kubadilishana: askari akala d4, malkia wako akala g5, askofu wake akala b5 na kumtisha mfalme, mfalme wako akaenda d8. Kisha mfalme wake akajificha g1 kwa kupishana na ngome, askofu wako b7, malkia wake f3, ngome yako b8, askari wake akala e5. Ukacheza farasi e3, hatua tamu sana kuiona: farasi anapotoka d5, askofu wa b7 anamwona malkia wa f3. Malkia akakimbilia h3, wako akala g2, wakalana, farasi wako akabaki g2 akilindwa na askofu. Mweupe akasukuma askari d4. Na huo ukawa mwisho wa kitabu.

Hesabu askari. Mweupe ana 6, wewe 5. Askari wake wa d4 na e5 wamekaa bega kwa bega katikati. Farasi wako yuko g2, ndani ya zizi la adui, na kazi yake ya kwanza ni kutafuta njia ya kutoka. Mfalme wako hawezi tena kujificha kwa ngome, na shambulio lililokuwa sababu ya yote haya limekwenda na malkia. Hukufanya kosa lolote kati ya hatua ya 9 na ya 15. Ulitembea vizuri kabisa hadi mahali pabaya, kama mtu anayefuata nyayo za mwenzake porini bila kuuliza mwenzake alikuwa anakwenda wapi.

Mbona basi hifadhidata ilisema Mweusi anashinda? Kwa sababu ilikuwa inajibu swali jingine. Asilimia unayoiona kando ya b5 ni wastani wa michezo yote iliyopita hapo: ya dakika 3, ya dakika 10, ya waliolewa usingizi, ya wasiojua kabisa kwamba askofu anatakiwa kurudi f1. Wengi wao wanamla askari wa b5, au wanachanganyikiwa farasi akiruka d4, na Mweusi anashinda. Ushindi huo wote unarundikwa kwenye b5. Wastani wa namna hiyo unakuambia mpinzani *wa kawaida, mwenye haraka*, atafanya nini. Ubaoni hilo ni jambo la maana sana, kwa sababu mpinzani aliye mbele yako ni huyohuyo wa kawaida mwenye haraka.

Kwenye sataranji ya barua mpinzani ana siku 3 na kitabu kilekile. Kama katika njia nzima kuna jibu moja tu zuri kwake, chukulia ataliona. Ufunguzi hapa haupimwi kwa kile wapinzani wengi wanachofanya bali kwa kile ambacho aliye bora anaweza kufanya. Mitego kumi yenye mlango mmoja wazi haina thamani kubwa, maana atapita mlangoni. Ukilishika hili, sehemu kubwa ya uchaguzi wako wa ufunguzi itajipanga yenyewe.

Unaweza kuniuliza: je, Berliner hakushinda kwa mtego huohuo? Alishinda, na kwenye fainali ya ubingwa wa dunia wa sataranji ya barua, iliyoanza 1965 na kumalizika 1968. Lakini angalia mazingira. Estrin alikuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa Ulinzi wa Farasi Wawili duniani, na baadaye naye akawa bingwa wa dunia wa sataranji ya barua. Berliner alimfuata kwenye uwanja wake mwenyewe akiwa na uchambuzi alioutengeneza nyumbani, wakati ambapo hakuna injini ya kuupima. Mchezo wenyewe haukuishia kwenye moto wa ufunguzi: ulifika mwisho wa ngome kwa ngome, ukaisha hatua ya 42. Katika fainali ile Berliner alishinda michezo 12, akatoka sare 4, hakupoteza hata mmoja, na akamaliza pointi 3 mbele ya waliomfuata. Mtu wa namna hiyo angekushinda kwa ufunguzi wowote. (Kazi yake nyingine, kwa wanaopenda habari hizi, ilikuwa kompyuta: programu yake ya bakgamoni ilimshinda bingwa wa dunia mwaka 1979.)

Halafu kuna jambo ambalo mchezo maarufu hauwezi kukuambia: kuanzia siku ulipochapishwa, kila Mweupe mwenye kitabu amekuwa akitafuta namna ya kuukwepa. Hatua mpya katika sataranji ya barua ina makali siku inapozaliwa. Mwaka 1999, bingwa wa dunia Garry Kasparov alipocheza dhidi ya maelfu ya watu duniani waliopiga kura mtandaoni, hatua moja kila siku, Irina Krush aliyekuwa akiwashauri alipendekeza malkia e6 hatua ya 10, jambo jipya katika tawi lile la ufunguzi uitwao Ulinzi wa Kisisilia, na mchezo ukageuka kuwa mgumu sana kwa bingwa. Alishinda hatimaye, baada ya hatua 62. Leo ukicheza hatua ileile humshtui mtu.

Kwa hiyo hifadhidata isomwe namna gani? Mimi huianza kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kabla sijacheza hatua ya 5, naifuata kila njia kubwa hadi pale michezo inapoisha au inapobaki miwili mitatu, naupanga ubao wa pale, nafunika asilimia kwa mkono, na kujiuliza: niko tayari kuishi na hali hii kwa miezi? Kama jibu ni hapana kwa tawi moja tu ambalo mpinzani anaweza kulichagua, njia hiyo naiacha, hata kama matawi mengine yote ni asali. Ungefanya hivyo, ungeiona hali ya hatua ya 15 ukiwa bado kwenye hatua ya 5, na naamini usingeipenda.

Pia chuja. Ondoa michezo ya haraka. Tazama michezo ya barua peke yake kama hifadhidata yako inaitenganisha, kisha tazama tarehe. Njia iliyochezwa sana na wakali halafu ikakauka ghafla, mtu ameipata dawa yake. Tafuta michezo ya mwisho mwisho kabla haijakauka na utaiona dawa yenyewe. Na usiamini asilimia iliyotoka kwenye michezo 6.

Tuje kwenye uchaguzi. Hatua ya 5 palepale, badala ya b5, njia kuu ya kale ni farasi wa c6 kwenda a5, kumtishia askofu. Mweupe anamtisha mfalme kwa askofu b5, unaziba kwa askari c6, mnabadilishana askari hapo, na unabaki umepungukiwa askari mmoja. Ndiyo, mmoja tena. Lakini linganisha na mchezo wako. Hapa malkia wote wapo, mfalme wako bado anaweza kujificha, na askofu wa Mweupe lazima asogee tena. Akirudi e2, unacheza h6 na farasi wa g5 anarudi f3, unasukuma e4 na anakimbia tena hadi e5, unaleta askofu d6 na bado anatishwa. Kila tishio ni hatua moja ya bure kwako. Wengi siku hizi humpeleka askofu d3 badala ya e2; inaonekana vibaya kwa sababu anamzuia askari wake mwenyewe wa d2, lakini inamwachia farasi mahali pa kukimbilia, e4. Hiyo ndiyo unayotakiwa kuisoma zaidi. Kasoro yako nayo ipo: farasi wa a5 amekaa ukingoni, na usipompa kazi atakuwa mzigo mpaka mwisho. Askari uliyemtoa unamlipia kwa mwendo wa kasi, na mwendo wa kasi huisha.

Kula d5 kwa farasi papo hapo hatua ya 5 usifanye, walau si kwa barua. Mweupe anaweza kumtoa farasi wake f7, mfalme wako anavutwa katikati ya ubao, shambulio linaloitwa Fegatello. Ubaoni mtu anaweza kukosa njia. Mwenye siku 3 ataitafuta mpaka aipate.

Kuna pia askofu c5 hatua ya 4, ukiiacha f7 iliwe, kama alivyofanya padri Karel Traxler kwenye mchezo wa mwaka 1890. Nimeipenda tangu zamani na sikushauri. Mweupe anayekula f7 kwa askofu na kutulia, badala ya kufuata mali, ana hali bora. Ni mlango mmoja ulio wazi, tena mpana.

Na kuna njia ya tatu ambayo watu huidharau: usiingie kabisa. Hatua ya 3, badala ya farasi f6, cheza askofu c5. Farasi wa Mweupe hawezi kuruka g5, kwa sababu ulalo wa malkia wako haujazibwa na malkia anamla tu. Mtacheza Ufunguzi wa Kiitaliano wa polepole, kila mtu anapanga kete zake nyuma ya mistari, na vita vinaanza baada ya hatua ya 12 au 15, pale kitabu kinapokuwa hakina la kusema.

Ukiniuliza mimi, mchezo ujao cheza farasi a5 kama unapenda kushambulia na uko tayari kujifunza kuthamini askari uliyemtoa. Cheza askofu c5 kama unataka kujifunza kupanga. Kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza naegemea askofu c5, kwa sababu utafikiri mapema zaidi kwa kichwa chako. Njia ya Berliner usiitupe. Itunze kwa michezo ya dakika 5, huko bado inaua.

Watu hudhani ufunguzi wa barua ni kazi ya karani, kunakili tu. Historia inasema kinyume. Ufunguzi wa Kiskoti ulipata jina lake kutoka kwenye mchuano wa barua kati ya Edinburgh na London ulioanza 1824 na kumalizika 1828, ambao Edinburgh walishinda. Paul Keres, aliyekuja kuwa mmoja wa wachezaji bora duniani, alipokuwa kijana Estonia alikuwa na hadi michezo 150 ya posta kwa wakati mmoja, akijaribu humo gambiti, yaani funguzi za kutoa askari kwa makusudi, ambazo mtu mwenye busara asingezigusa, na ndiko alikojifunza sehemu kubwa ya alichokuja kukionyesha ubaoni. Katika ICCF ya leo yenye injini, sare ndiyo kawaida, na katika fainali za ubingwa za karibuni michezo iliyopata mshindi ni michache. Kwa hiyo kama unataka mchezo wa binadamu kwa binadamu, bado uko mahali sahihi ulipo, penye kitabu bila injini.

Sasa kitabu kikiisha. Hapo ndipo uliponyamaza kwenye barua yako: umeniambia kila kitu hadi hatua ya 15, kisha ukaruka hadi ya 41. Nashuku hata mchezoni uliruka hivyohivyo. Ulizoea kupokea hatua tayari, na siku kitabu kilipokatika ukaendelea kwa kasi ileile. Hatua ya kwanza nje ya kitabu ndiyo inayostahili siku zote 3. Toa ubao wa kweli, panga kete, kaa upande wa mpinzani. Andika hatua unayoitaka, usiitume, lala, iangalie asubuhi. Kwenye mchezo wako ningeanza na swali moja tu: farasi wa g2 anatokaje, na akitoka kupitia h4 anakwenda kufanya nini?

Ujue pia saa yako inavyofanya kazi. Katika siku 3 kwa kila hatua, siku usizotumia zinapotea, kwa hiyo hakuna faida ya kukimbiza hatua za kitabu. Katika ICCF kanuni ya kawaida imekuwa hatua 10 kwa siku 50, na huko ukicheza za kitabu haraka unajiwekea akiba ya siku kwa ajili ya pale panapouma.

Kila hatua iandikie sababu kwenye daftari, hata za kitabu. Sentensi moja inatosha. Kwa mfano: "8. Amekula d4. Nakula g5. Nitakuwa na mfalme d8, naye hana farasi wa kumlinda mfalme wake. Je, malkia wakitoka napata nini?" Ukishindwa kuandika sababu ya hatua ya kitabu, bado hujaielewa, na hujafika wakati wa kuituma. Hatua za masharti, zile unazotuma mapema kwa mtindo wa *akicheza hivi nami vile*, ziweke kwa malipizi ya wazi tu, pale anapokula nawe huna budi kula. Na kagua kabla ya kutuma. Kwenye kadi za posta za kimataifa hatua ziliandikwa kwa tarakimu nne: farasi kutoka g1 hadi f3 ni 7163. Andika 7183 kwa bahati mbaya na farasi wako amekwenda h3, ni halali, na halali haifutwi. Kidole kinachoteleza kwenye simu ni kosa lilelile.

Mambo ambayo siwezi kukutatulia kwa maandishi ni haya. Hatua ya 15 hadi ya 41 zinahitaji mtu anayekuzidi nguvu akae nawe ana kwa ana, kwenye klabu au kwa mwalimu, akuulize kila hatua ulikuwa unafikiri nini. Mpelekee mchezo na daftari lako *kabla* ya kuupitisha kwenye injini, maana ukishaona jibu utasahau ulichokuwa unaamini, na anachotakiwa kukitibu ni hicho. Mgogoro wa kanuni au saa upeleke kwa msimamizi wa mashindano, kwa maandishi, ukiwa na tarehe. Na ukiona una michezo mingi hadi unaamka usiku kuangalia kama kuna aliyejibu, punguza ibaki 3 au 4.

Mpinzani wako mwombe mchezo wa pili, na mara hii uchukue Mweupe. Cheza e4, na kama naye atakuja na b5 na farasi d4, mle farasi wa d4. Hali ya hatua ya 15 unaifahamu sasa kuliko watu wengi, ila umeiona kwa upande mmoja tu.